Arudie, Polepole

Fundi wa sare za shule alianza masomo ya jioni akiwa na mvi, na sababu ilikuwa moja tu. Binti yake wa pekee alikuwa amelazwa ughaibuni, na aliyekuwa naye huko ni mwanawe mdogo, asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji. Baba wa mtoto alishaondoka zake. Bila Kiingereza, fundi angejuaje hali ya bintiye?

Basi kila akitoka cherehanini alimwomba Mungu amfungue kichwa, kisha akajibana kwenye dawati pamoja na vijana waliomwita Bibi Monita. Walifundishwa kupanga sentensi, kusalimiana, kuagana, kusema "usijali" na "poa tu" kama wenye lugha wanavyosema. Yeye aliitikia ndiyo kwa kila swali, darasa likavunjika mbavu.

"Mama," mwalimu alimwambia, "usiitikie usichokielewa. Mwambie mtu arudie, polepole. Si aibu."

Sentensi hiyo aliishika kuliko zote. Aliitamka akipiga pasi, akikoroga uji, hata ikamponyoka katikati ya sala.

"Mzungu wangu," mumewe alimtania, "ukianza kuota kwa Kiingereza utanihama."

"Nitakuachia cherehani, ikupikie."

Jumapili mchana simu ikalia. Alikuwa mjukuu. Fundi alimsalimu bila kosa, akamuuliza hali. Mtoto akasema jambo mbiombio. Bibi akanasa neno "mama" tu.

Akamwambia arudie, polepole.

Mtoto akarudia, akikwamakwama. Safari hii fundi alishika "hospitali", akashika na "asubuhi". Akamshukuru Mungu kimoyomoyo: masomo yameingia! Akamwomba arudie tena, kwa upole, kama alivyofundishwa.

Mara ya tatu mtoto alitenga kila neno na mwenzake, akivuta kamasi katikati. Mama amekufa asubuhi, hospitalini. Fundi akaelewa yote, na akaelewa pia alichomfanyia mtoto wa watu.

Alitafuta neno la kumpa. Katika yote aliyojifunza hakuliona. Akaanza kuomba kwa Kiswahili.

Mumewe akasogeza kiti, uso umemchangamka. "Anasemaje? Mama yake ametoka hospitali?"

Fundi akafunika simu kwa kiganja. Na ndani ya kiganja mtoto alikuwa anaita, anaita.