Bastola ya Sauti Ndogo

Nyangau alizitandaza bastola zake mbili juu ya gunia, nyuma ya nyumba yake karibu na mpaka, bila haya, kama mtu anayeuza dagaa. Moja ilikuwa rivolva kuukuu, nzito, ya kumlaza nyati. Ya pili ilikuwa kijibastola cha kuingia mfuko wa suruali.

Maranga hakutaka bunduki ya kuwindia. Paa wa mbuga ya Lambwe waliwindwa kwa mbwa na mikuki, na nyama ikaliwa mjini Sori bila mtu kuuliza maswali. Alitaka cha kujikinga tu. Nyati walikuwa wamezidi vichakani, na juzijuzi mmoja alimkimbiza yeye na shemeji yake Obare hadi wakaparamia mgunga, wakashuka makalio yote mikwaruzo.

"Hii kubwa ndio inafaa, shem," Obare alisema. "Hiyo ingine ni ya kuogopesha kuku."

"Na askari wa mbuga je? Hiyo ikilia, mpaka Kendu Bay watasikia."

"Kwani mzee unaogopa nani," Nyangau akauliza, "nyati ama askari?"

Maranga alimkata jicho. Swali gani hilo? Nyati akikuua umekufa, basi, watu wanakuzika na kula ubwabwa. Askari akikukuta na mzoga wa paa na bastola isiyo na leseni, unaozea jela huku mkeo anachekwa sokoni. Akachukua ile ndogo. Obare akamsaidia kuhesabu pesa. Dada yake Dolphine ndiye mke wa Maranga, na tangu wazazi wao wafariki Obare alikuwa akilala na kula kwa Maranga. Mtu kama huyo hubishani naye sana.

Walipoingia tena porini jua lilikuwa kali. Mbwa walibweka mara moja, kisha wakarudi mbio wamefyata mikia. Kabla Maranga hajatia mkono mfukoni, nyati alikwisha kutoka na Obare alikwisha kurushwa juu. Maranga akafyatua, akafyatua tena. Mnyama alitikisa kichwa kama aliyeumwa na mbung'o, akamrudia Obare, akamkanyaga, ndipo akaenda zake akikoroma.

Paja la Obare lilikuwa limepasuka. Maranga alivua shati akalifunga, likalowa, akakazia kwa mshipi. Alikuwa akilia bila kujijua. Kijana huyu alimpenda kuliko ndugu zake wa tumbo moja.

Ndipo wakasikia gari. Lilikuwa la askari wa mbuga, hakuna mwingine aliyepita njia ile. Lilikuwa karibu, ng'ambo tu ya korongo, likienda polepole.

"Piga juu, shem," Obare akasema. "Wakuje. Piga."

Risasi ilikuwa imebaki. Maranga aliinua mkono. Akaziona pingu, akamwona hakimu, akamwona Dolphine amesimama peke yake getini pa jela na kikapu. Akajiambia angoje kidogo, pengine gari litageukia upande huu lenyewe, nao watakuta watu wawili walioshambuliwa na nyati, bila bastola. Obare alikuwa akimtazama. Gari likapanda mlima, mlio ukafifia, ukaisha.

Hapo ndipo Maranga alipofyatua. Ulikuwa mlio mdogo kweli, kama mlango uliobamizwa na upepo. Obare aligeuzia uso wake upande wa pili.

Alimbeba mgongoni kuelekea barabarani. Hata kabla ya kufika alijua amebeba maiti, lakini aliendelea kumsemesha.

Nyumbani Dolphine alilia mpaka sauti ikamkauka. Majirani walipotoka kwenda kuchimba kaburi, alimvuta mumewe chumbani.

"Hukuita watu?"

"Nilipiga juu. Gari ya askari ilikuwa huko. Hawakusikia."

Dolphine alijifuta uso kwa leso, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Asante, Baba Bravin," alisema. "Ulikubali kufungwa juu ya ndugu yangu."