Majivu Chini ya Turubai

Ndugu yangu Théogène nilimlea kwa mgongo wangu. Hilo naliweka mbele kabisa, asije mtu akasema Thacienne ana moyo mgumu. Mimi nilikuwa na miaka tisa, yeye hajaota meno, mama akishinda shambani na jembe, na mtoto akishinda kwangu. Alipokua akataka kwenda Walikale kujifunza kazi ya garaje, kutengeneza magari, kwenye machimbo ya upande wa Omate, niliuza mbuzi niliyepewa na mama yangu wa ubatizo ili apate nguo na chakula cha njiani. Hakuniomba. Nilimwona tu anavyozunguka uani bila raha, nikaenda kumfungua mbuzi. Damu nzito kuliko maji, ndivyo tulivyokuwa tukisema, na mimi nilikuwa mtu wa kuamini ninachosema.

Habari yenyewe ni ya mwaka 1953. Mume wangu Védaste alikuwa akifanya kazi kwa Mzungu mmoja aliyelima pareto juu ya Nyamitaba. Kazi yake ilikuwa kuosha gari, kulisukuma linapogoma, na kulifunika jioni. Lilikuwa gari la kijani, linang'aa hata ungeweza kujitazama meno kwenye mlango wake. Lakini halikuwa na nyumba, kwa sababu banda lake lilijazwa vichanja vya kukaushia maua ya pareto. Lililala nje chini ya mikaratusi, likanyeshewa, likakaa kwenye ukungu na kuangukiwa na mavi ya ndege. Ndiyo maana yule Mzungu, Bwana tulivyomwita, alileta turubai kutoka Goma.

Turubai lile, bâche kama Bwana alivyoliita, lilikuwa zito, rangi ya udongo, lenye matundu ya chuma pembeni ya kupitishia kamba. Mtu mmoja hakuliweza. Kila jioni Védaste aliniita, nikashika ncha mbili za nyuma, yeye mbili za mbele, tukalirusha juu ya gari kwa pamoja na kulivuta mpaka likafunika magurudumu. Niliipenda kazi ile kuliko kulima. Tulikuwa na miaka minne ya ndoa, na si kila mke anayepata kazi ya kufanya na mumewe huku wakiangaliana usoni.

Mwezi wa pili Bwana akajiandaa kwenda kwao Ulaya kwa miezi saba. Alimwita Védaste, na mimi nikasimama nyuma nikisikiliza.

"Gari ninakuachia wewe," akasema. Alizungumza Kiswahili cha kwetu, alikuwa amekaa sana. "Kila siku ya Mungu, kama jua iko, munafungua bâche, munaacha gari ikauke, munapanguza, munafunika tena. Nikirudia nikute iko vile niliacha, nitakutuma Goma ushike permis ya kuendesha. Utakuwa chauffeur wangu."

Dereva wa Bwana alikuwa na nyumba yake pale shambani, ya matofali, yenye bati. Dereva aliyetangulia alikuwa amerudi kwao, na nyumba ilikuwa tupu mbele ya macho yangu kila siku ya Mungu. Yetu ilikuwa ya nyasi. Kila masika nilihamisha kitanda mara tatu nikitafuta pasipovuja. Basi mtu asiniulize kama gari lile lilikuwa na maana kwangu. Mimi na Védaste tulilitunza kama mgonjwa, na Jumapili tukitoka misa tulikwenda kulifungua kabla hata ya kula.

Pentekoste ikafika, na Théogène akaja kutuona. Alikuwa amevaa suruali ndefu na viatu, amekonda kwa homa za msituni. Akalizunguka gari, akainua ukingo wa turubai, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Hii gari itaharibika," akasema. "Bâche peke yake haitoshi. Kila mara munafungua, munaingiza ukungu. Mufanye kama vile tunafanyaka ku maharagi. Mupakae majivu gari yote, mufunike, mufunge kamba nguvu, musifungue tena mpaka Bwana arudie. Majivu inakunywa mayi, na dudu haingie."

Kwetu maharagwe ya mbegu hayawekwi bila majivu. Mama alifanya hivyo, na bibi kabla yake, na hakuna mdudu aliyewahi kutushinda. Kwa hiyo maneno yale yaliingia masikioni mwangu kama yanaingia nyumbani kwao.

Védaste akakuna kidevu. "Lakini Bwana alisema tufungue kila siku ya Mungu."

"Bwana anajua pareto, shemeki. Miye niko mu garage miaka ine."

"Tungoje tu vile alisema," Védaste akasema.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilimwambia mume wangu kwamba anamwonea wivu ndugu yangu kwa sababu ya viatu. Nilimuuliza kama anadhani mtoto niliyembeba mgongoni anaweza kutupotosha. Nina mdomo, sikatai, na Védaste hana. Akanyamaza, na mimi nikakuchukua kunyamaza kwake kuwa ndiyo.

Majivu ya jiko langu hayakutosha. Nilipita kwa majirani na kitunga, kwa Annonciata, kwa Béata, kwa mjane wa Mbonigaba, na wote walinijazia bila kuniuliza ya nini. Kwetu majivu hayanyimwi mtu, sawa na moto. Hata uliyegombana naye jana, akija leo asubuhi na kigae kuomba moto, unampa. Nilirudi na vitunga vitatu, nikayachekecha kwa mikono yangu mpaka yakawa laini kama unga wa muhogo.

"Kitambaa kikuwe na mayi kidogo," Théogène akasema, "ili majivu ikamate ku milango."

Kwa maharagwe majivu huwa makavu. Hilo hata mtoto anajua. Mimi nililijua, likanipitia kichwani, nikaliacha lipite. Nikaloweka kitambaa. Tukapaka milango, tukapaka pua ya gari, tukapaka nyuma. Paa tu ndilo halikupakwa, kwa kuwa Védaste alikuwa ametandika hapo blanketi lake kuukuu, ili kamba zisilikwaruze. Kisha tukarusha turubai, tukafunga, na Théogène akakaza mafundo mwenyewe. Kesho yake akashika njia ya Walikale. Nilimfungia viazi vya kuchoma.

Bwana alirudi mwezi wa tisa. Wafanyakazi wote walikusanyika chini ya mikaratusi kama siku ya sikukuu, na mimi nilikuwa nimevaa kitenge changu cha misa. Nilikuwa nimekwisha kuamua kitanda kitakaa upande gani katika nyumba ya matofali. Védaste akafungua kamba, mimi nikashika ncha zangu mbili, tukavuta.

Turubai halikutoka. Lilikuwa limeshikana na gari. Tukavuta tena kwa nguvu, likatoka, na rangi ikatoka nalo, vipande vipande, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Chini yake palikuwa na bati lenye kutu nyekundu. Mlango, pua, nyuma, kote vilevile. Paa tu, chini ya blanketi la Védaste, lilikuwa kijani na linang'aa.

Bwana hakupiga kelele. Alipitisha kidole mlangoni, akakinusa. "Nani alikuambia uweke majivu?"

Nilingoja Védaste aseme. Nilikuwa tayari hata kumtetea Théogène, kwamba alikosea kwa nia njema.

"Ni miye, Bwana," Védaste akasema. "Ilikuwa akili yangu."

Jioni ile hatukuwa tena na kazi. Njiani nilimuuliza kwa nini hakumtaja Théogène, akasema kila mtu anakosea. Nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru mume wangu kwa kumficha ndugu yangu, na nikalala nikimwonea Théogène huruma, nikiwaza atakavyoumia akisikia.

Wiki tatu baadaye nikamwona akipanda mlima na sanduku la mbao kichwani. Bwana alikuwa ametuma Walikale, kwenye garaje ya machimbo, atafutiwe mtu anayejua kupaka rangi na kuendesha. Théogène akaweka sanduku lake katika nyumba ya matofali. Na mimi, mjinga wa Nyamitaba, nikafurahi. Nikasema Mungu ametuletea wa kutuombea.

"Nitasema na Bwana, dada," akaniambia. "Acha hasira yake ipole kwanza."

Basi kila adhuhuri nikampelekea chakula chini ya mikaratusi, ugali wa muhogo na maharagwe, naye akikwangua gari. Siku ya tano alikuwa amekaa juu ya turubai lililokunjwa, anakula vizuri, akaniambia bila kuinua macho kutoka kwenye sahani:

"Dada, uko na majivu kwako? Uniletee kitunga kimoja. Hii rangi ya paa inakatala kutoka. Kule Walikale tunapakaaka majivu na mayi, tunafunika, kisha rangi inaachia yenyewe."

Nikasema ndiyo. Nikaenda nyumbani, nikapiga magoti jikoni, nikachukua chekeche. Nilikuwa nimekwisha kuchekecha mara mbili hivi mikono ikasimama. Mikono ndiyo iliyojua kwanza. Ilikumbuka kile kitambaa chenye maji.

Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nikiwaambia wenzangu methali hiyo kila wakati, na kila wakati nilikuwa nikifikiria nguo za watu wengine. Nikatoka nje. Védaste alikuwa akipasua kuni. Nikamwambia kile alichoomba Théogène, na kazi wanayofanyia majivu kule Walikale.

Hakusimamisha shoka. Akapasua gogo lile mpaka likaisha.

"Ulijua," nikasema.

"Tangu siku ya kufungua. Niliona pale blanketi ilikuwa, nikajua ni majivu. Na muntu wa garage hawezi kosa kujua."

"Na ukanyamaza."

"Miye nilipoteza kazi tu. Kama ningemutaja, wewe ungepoteza ndugu." Akaweka shoka chini. "Mupatie, Thacienne. Muntu hanyimwake majivu."

Nilikasirika na Védaste siku ile karibu kuliko nilivyokasirika na Théogène. Mtu mwema anachosha. Nikayamwaga majivu yote jikoni, nikachukua kitunga kitupu, nikarudi shambani kwa Bwana. Théogène alikuwa bado ananawa mikono.

"Majivu iko wapi?"

"Kwa maharagi, majivu inakuwa kavu," nikamwambia. "Ulijua."

Akajipangusa vidole kimoja kimoja. Sikuona haya usoni pake, niliona uchovu tu, na hilo liliniumiza zaidi.

"Védaste hajue hata kuendesha," akasema. "Miye niko na permis miaka mbili, ninaozea mu pori na homa. Nafasi ilikuwa moja tu, dada."

"Ungeniomba."

"Ungekatala."

"Ile mbuzi uliniomba?"

Akatazama gari, akatazama kitunga changu, kisha akasema polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto, "Lakini hii ni majivu tu, dada."

"Kweli. Ni majivu tu. Na sikupe."

Watu wa mlima wetu walisema maneno mengi, kwamba Thacienne amemnyima majivu mtoto wa mama yake. Wamwache Thacienne. Sikumweleza mtu yeyote, hata mama, kwa sababu mama alikuwa akila kwa mshahara wa Théogène na kumsifu mpaka kanisani. Rangi ile Théogène akaitoa kwa jiwe na mchanga. Gari likawa kijani tena, akaliendesha miaka minne, na kila lilipopita karibu na shamba letu nilikuta magugu ya kung'oa upande wa pili.

Mama akafa mwaka 1957, mwezi wa kumi na moja, katikati ya mvua. Théogène alikuja kwenye mazishi na gari, Bwana alimruhusu. Aliliegesha kando ya njia, mteremkoni chini ya makaburi. Padri alikuwa hajafika bado, na mvua ilionekana inatoka upande wa Walikale, nyeusi. Théogène akatoa turubai. Lilikuwa lilelile, limeshonwa viraka. Akalikunjua, akashika ncha za mbele, akatazama mlimani tulipokaa wanawake.

"Dada," akaniita. "Kamata huku."

Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, miguu nimeinyoosha, na sikuikunja. Akangoja. Akaniita tena, na sauti yake ya mara ya pili ilikuwa sauti ya mtoto niliyemjua. Sikusimama.

Védaste alikuwa ndani ya kaburi na wachimbaji. Akatoka, mikono imejaa udongo, akaipangusa vizuri kwenye suruali ili asichafue, akateremka mpaka njiani. Akashika zile ncha mbili za nyuma, zilizokuwa zangu. Wakarusha pamoja. Akalivuta mpaka likafunika magurudumu, akazunguka akikagua kamba, akakaza fundo moja ambalo Théogène hakuwa amelikaza. Kisha akapanda, akaja kukaa karibu na mkeka wangu.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Mvua inakuya," akasema. "Gari haina kosa."

Tangu asubuhi sikuwa nimetoa chozi. Hapo nikalia kwa sauti, na wanawake wakanishika mabega, wakidhani ninamlilia mama.