Jua la Kwenye Ngolo za Marselina

Marselina alikuwa akipalilia maharage shambani kwake, Matiri, alipoona jua la jana bado limo kwenye ngolo, yale mashimo yanayozuia maji ya mvua yasikimbie mlimani. Lilikuwa limetuama, la manjano, kina chake cha kufika kiwikoni. Akafanya ishara ya msalaba, akaendelea kupalilia kwenye matuta. Nyasi zinazoshikilia kingo za ngolo zile alizilaza marehemu mumewe, Placidi, na kazi yake haikuwa ikivuja.

Wasiwasi wake ulikuwa kwa bintiye Bonifasia, aliyekuwa katika mwezi wake wa kujifungua. Tangu kiwanda cha kahawa cha ushirika kiuzwe kwa kampuni, umeme wa vioo vyake vya jua uliwasha zahanati mchana tu. Jua likizama, betri zote zilikuwa za mashine za kiwanda. Mtoto wa kwanza wa Bonifasia alifia gizani, nesi akipapasa.

Fundi wa kampuni, Cuthbert, akaja. Akachutama, akachovya kidole.

"Shikamoo, mama. Hili linakaa muda gani?"

"Marahaba. Mpaka nilichote."

"Betri zetu zinachoka mapema."

"Alizipanga nani?"

"Mimi."

"Basi wewe, baba, hata nyasi usingeweza kulaza."

Fundi akacheka. Marselina hakucheka. "Chukueni. Ila lianzie zahanati."

"Litakuwemo kwenye mpango, mama."

Waya ukavutwa kutoka shambani, ukapita juu ya paa la zahanati, ukaenda moja kwa moja kiwandani. Jioni Bonifasia aliposhikwa na uchungu, waya ulinguruma kama mzinga wa nyuki, na chini yake kulikuwa giza. Marselina akamfuata Cuthbert.

"Zahanati imo, mama," alisema fundi, akitazama viatu vyake. "Awamu ya pili."

Marselina akaenda kwenye ngolo ya mwisho, akachota beseni, akalifunika kwa kitenge, akajitwika. Njiani alisali Salamu Maria polepole, lisimwagike.

"Weka hapa miguuni, Mama Bonifasia," alisema nesi Gaudiosa. "Funua kidogo."

Mtoto akatoka, akalia.

Kulipokucha mlinzi wa kampuni akaja, akaamkia, akamimina jua lililobaki kwenye ndoo ya kiwanda. Akalisuuza beseni, akalirudisha kwa mikono miwili.

Jioni ile ngolo zilikuwa tupu. Kwenye benchi la zahanati alikaa mama mwingine, ameshika kiuno, akiusikiliza waya.