Inaenezwa na M

Mwalimu Zablon hamalizi maneno. Sisemi hivyo kumsengenya, chuo kizima kinajua. Akifika kwenye neno lenyewe, lile ambalo mwanafunzi amelifuata darasani, analikata katikati, anainua nyusi, na darasa linamalizia.

"Ng'ombe akijaa gesi tunamtoboa ubavu wa ku...?"

"Kushoto!"

"Mzoga wa kimeta hatuu...?"

"Hatuupasui!"

Hata wanaopita nje ya uzio wa chuo chetu cha mifugo hapa Mkonze wanajua leo mzee ana kipindi. Mimi nafundisha kompyuta chumba cha jirani, na wanafunzi wangu hutulia tuli mbele ya skrini. Nilikuwa nikisikia shangwe ile najiona sijui kufundisha.

Mwaka huu mkuu wa chuo aliamua masomo yarekodiwe na kuwekwa kwenye tovuti, ili hata mwanafunzi aliye mafunzoni vijijini ayafungue kwenye simu yake. Kazi ikaniangukia mimi. Nikakabidhiwa kamera, kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola, na programu inayomsikiliza mwalimu na kuyaandika maneno yake chini ya video. Walimu wengi walinikwepa. Mwalimu Zablon alinifuata mwenyewe, amevaa koti alilovaa kwenye harusi ya bintiye.

"Nianze mimi, Shamila," alisema. "Hao wengine wajifunze."

Nikamrekodi akifanya marudio ya magonjwa ya mifugo. Darasa liliitikia mpaka vioo vikatetemeka. Mimi mwenyewe sikukumbuka kwamba kile kipaza cha kwenye kola kinamsikia yeye peke yake.

Alikuja kuikagua video asubuhi ya siku ya kikao cha bodi ya taaluma, kile kinachoamua nani anabaki na nani anadisko. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akajitupa kwenye kiti changu.

"Kwenye somo langu leo anaondoka mmoja tu," alisema. "Yule wa mbwa."

Nilimjua. Alikuwa Scolastika, binti wa Chamwino, mwaka wa pili, mpole, anayekaa kiti cha mbele kabisa na kumkodolea mwalimu macho. Kwenye mtihani wa kwanza aliandika kwamba Homa ya Bonde la Ufa inaenezwa na mbwa. Ni mbu, hata mtoto wa darasa la tano angekwambia. Mwalimu Zablon alilisoma jibu lile mbele ya darasa zima, kisha akapaza sauti: "Jamani, fungeni mbwa wenu, Bonde la Ufa limeingia!" Kicheko kilifika mpaka kwangu. Tangu siku hiyo Scolastika akiingia darasani, viti vya nyuma kuna mtu anabweka. Yeye hupita tu na kukaa, wala hageuki, nasi tukasema binti ana roho ngumu. Alifeli, akapewa sapu, yaani mtihani wa marudio, akafeli na sapu. Masomo mengine yote alikuwa amepita.

Nikaiwasha video. Mzee akakunja mikono na kujitazama kwa raha. Haikuchukua muda akainyooshea skrini kidole.

"Nini hiki? 'Tunamtoboa ubavu wa ku.' Mashine yako haijui Kiswahili, binti."

"Imeandika ulichosema, mzee."

"Mimi nimesema kushoto!"

"Hukusema. Wamesema wao."

Nikarudisha nyuma, nikaongeza sauti. Kweli, palikuwa na sauti yake ikisema ku, halafu kimya, halafu sauti yake tena ikisema "Safi sana." Akacheka. Nami nikacheka, kwa sababu maandishi yaliendelea hivyohivyo, moja baada ya jingine, kama mtu anayekwambia siri halafu anaondoka kabla hajafika penyewe. Mzoga wa kimeta hatuu. Chanjo tunaitunza kwenye ba. Ndama akizaliwa kitovu tunakipaka ai. Kisha likaja hili: Homa ya Bonde la Ufa inaenezwa na m.

"Na m," alisoma, bado anacheka. "Sasa mtu ambaye hawasikii hao wengine si atajaza hata mb..."

Hakulimalizia neno hilo, na safari hii haikuwa mazoea. Mkono wake ulibaki hewani. Nikasimamisha video.

"Aliniambia," alisema. "Yule binti aliniambia."

Ndipo akanieleza. Wiki ya kwanza kabisa Scolastika alimfuata ofisini. Alimwambia kwamba aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa shule ya msingi, masikio hayakurudi kusikia, na kwamba anasoma midomo. Alimwomba asimwambie mtu, alikuwa anaogopa kurudishwa nyumbani. Mwalimu Zablon akamjibu, "Basi kaa mbele, mwanangu." Binti akakaa mbele. Mwalimu akaona amemsaidia, akasahau.

"Nimemweka mbele," alisema. "Majibu yote yanatoka nyuma yake."

Nilimuuliza kama binti hakuweza kunakili madaftari ya wenzake. Akatikisa kichwa. Darasani kwake hakuna anayeandika, kila mtu lazima amtazame yeye. Alikuwa akijisifu kwa hilo hata kwenye semina za walimu. Alifungua vifungo vya koti kana kwamba limembana, akainamisha kichwa.

"Shamila, naona aibu. Naona aibu mpaka sijui niiweke wapi sura yangu."

Mtu mzima wa rika la baba yako akikwambia vile, unatazama vidole vyako. Hasira nilikuwa nayo pia, sifichi, maana nilikuwa nasikia kule kubweka na nilijua yeye ndiye aliyewafundisha wimbo. Nikamwambia tu kwamba kikao kinaanza, na jina la Scolastika liko mezani.

Tulikwenda na kompyuta yangu. Aliomba aonyeshe kitu kabla ya majina kujadiliwa, na Mama Ruthu, mkuu wa taaluma, akaruhusu shingo upande. Walimu walipoona ubavu wa ku na chanjo kwenye ba, wakacheka mpaka wengine wakafuta machozi. Walicheka kama lile darasa lilivyocheka. Mwalimu Zablon alisimama pale katikati ya kicheko, hakujitetea, akawaacha wamalize. Kisha akawaonyesha ile m. Akawaambia Scolastika hasikii sauti ya darasa, na kwamba yeye alilijua hilo tangu mwanzo.



"Kwa hiyo, Mwalimu Zablon," alisema Mama Ruthu polepole, "umemfelisha mtoto wa watu kwa maneno ambayo hukuyasema."

"Ndiyo."

"Ukamcheka."

"Ndiyo, mama. Nikamcheka."

Kikao kikakubali somo lirekodiwe upya, maneno yote yawe kamili chini ya video, Scolastika ajisomee na kufanya mtihani mwingine. Kisha mtu mmoja akasema kama aliyekumbuka sufuria jikoni: yule binti si amekwisha kabidhi chumba?

Mzee aliniomba nimsindikize. Nadhani aliogopa kwenda peke yake. Tulimkuta Scolastika getini na begi lake, godoro limekunjwa na kufungwa kamba, kaka yake anamfuata na bodaboda kutoka Chamwino. Upepo wa Dodoma ulikuwa unatumwagia vumbi sote. Alipomwona mwalimu alisimama, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Scolastika, hudisko." Alikuwa anasema taratibu, uso mbele, kila neno mpaka mwisho, na ilionekana kama kazi nzito kwake. "Utafanya mtihani upya. Kosa lilikuwa langu. Kikao kizima nimekwisha kiambia."

Niliyatarajia machozi, au tabasamu. Binti aliitazama midomo yake muda mrefu, kama anayepima kitu.

"Na wale wanaobweka?" aliuliza. Sauti yake huwa ya juu kidogo, mlinzi akageuka.

Mwalimu Zablon alinitazama mimi, nikatazama godoro.

"Ulikuwa unajua?" alimuuliza binti.

"Kubweka sisikii. Ila nilikuwa nakuona wewe, mwalimu. Kila nikiingia unatazama nyuma yangu, halafu unacheka. Siku moja nikageuka, nikaona midomo yao."

Kumbe ule ugumu wa roho tuliokuwa tunausifu ulikuwa kutosikia tu, na tangu siku ile, kujua na kuvumilia. Mzee akafuta uso kwa kiganja. Jasho lilikuwa linamtoka na upepo wote ule.

"Kesho nitasimama mbele yao," alisema. "Nitawaambia yote, wewe ukiwepo. Kama hutaki kuwepo, basi nitawaambia hivyohivyo. Lakini leo, Scolastika, mimi mwalimu wako, naomba unisa..."

Na midomo ikagoma pale. Naapa hakukusudia. Nyusi zake zilipanda zenyewe, kama zilivyopanda miaka yote hiyo, akabaki anasubiri. Hapakuwa na darasa. Palikuwa na mimi na mlinzi, na sote tulilijua neno, na hakuna aliyelitoa.

Scolastika alisubiri naye, macho kwenye midomo ile.

"Malizia, mwalimu," alisema.

"...mehe," alisema mzee, lakini alikwisha inama, akalisemea vumbi. Akajua mwenyewe. Akainua uso ukiwa umelowa, akauelekeza kwa binti, akaanza upya neno zima.