Pantalon Kaki ya Esdras

Batu banafikiri kuuza chaguwa, nguo za mitumba, ni kukaa ku kiti na kungojea client. Bakuye basimame pa nafasi yangu mu soko ya Butembo, asubui mapema, wakati banakata balo. Balo ni ule muzigo mukubwa wa nguo zenye kutoka kwa Bazungu, umefungwa na waya. Waya ikikatwa, bamama makumi mbili banaingiza mikono mara moja, na ukichelewa unabaki na soksi. Mimi naitwa Kanyere. Niko na miaka makumi tatu na tatu, mais mugongo wangu ulishafika makumi sita. Nimechoka. Nasema mapema, ili mutu asiniambie kama niko na kinywa mubaya. Kinywa ni mubaya juu ya kuchoka.

Mudogo wangu njo Esdras, ye ananiitaka yaya, mukubwa wake. Vita ilitutosha kwetu Kayna, mimi, ye na mama, tukakuya kupanga chumba moja hapa Butembo, mu quartier Furu. Zamani, feza ya masomo ilikuwa inatosha mutoto moja tu. Hakuna mutu aliniambia niache. Mama aliniangalia, nikaelewa, nikaachia mu ya tano secondaire. Esdras akaendelea mpaka université, mu comptabilité. Sikulia. Bon, nililia kidogo.

Mwaka huu akapata stage, kazi ya majaribio, ku Beni, mu nyumba moja ya kuweka na kukopesha feza, mu commune ya Ruwenzori. Stagiaires sita, miezi tatu, na ku mwisho banabakisha moja. Moja tu, na mukataba. Mimi nilikuwa nataka kintu kimoja mu maisha: Esdras abaki mule, ili mimi nitoke ku balo. Nilale mpaka jua ipande. Mama akikohoa, nimupeleke kwa docteur siku ile ile, hapana kungojea mpaka niuze mashimizi tano.

— Yaya, Esdras akaniambia, chef wa kule anaangaliaka nguo mbele ya kuangalia diplome. Batu bote banasema.

— Basi utavaa nguo. Ulikuwa unataka kuenda uchi?

Akanionyesha telefone yake, ile yenye kioo cha kupasuka. Nikaona bijana ya Bazungu bamekaa ku majani, banacheka bule. Akasema ile style inaitwa prepi.

— Prepi njo nini?

— Njo vile batoto ya batajiri banavalaka wakati hawataki ionekane kama bamejitengeneza.

— Ayi! Kumbe batajiri nabo banateseka.

Nilimuchekelea, mais nilielewa haraka, juu kazi yangu ni macho. Bintu saba tu: koti ya veste bleu marine, shimizi nyeupe, shimizi ya bleu ya mbingu, pull moja ya baridi, jeans ya giza, pantalon kaki, na biatu ya mokasini. Hakuna rangi yenye kupiga kelele. Kila kimoja kinapatana na kingine, donc na bile saba unapitisha wiki tatu na batu hawajue kama unarudilia. Ku culte ya kanisa inaenda, ku bureau inaenda, ku matanga inaenda. Kwa mwanafunzi mwenye hana kitu, sijaona akili yenye kupita ile.

Ilinikamata miezi ine. Veste niliipata ku balo ya Vagheni, jirani yangu mu soko, mwanamuke mwenye angeuzisha hata rafiki yake kama bei ni muzuri. Tulivutana, ye mukono moja, mimi mukono moja, mpaka mushono ya kwapa ikafunguka, njo akaniachia. Bifungo ya zahabu ilikuwa inapunguka moja. Nikakata yote, nikatia bifungo nyeusi ya koti ingine. Shimizi nyeupe, kola yake ilikuwa imekwisha. Fundi Gracien akaifungua, akaigeuza, upande wa ndani ukakuya inje, ungesema imetoka dukani jana. Pull nayo ilikuwa na matundu ku biwiko. Gracien akakata ngozi ya sakoche yangu ya zamani, akafunika. Esdras kuiona, akaruka:

— Yaya, njo prepi yenyewe!

Mimi nilikuwa nafunika matundu tu.

Kila nguo niliifula mara tatu, ya mwisho na maji ya ndimu, ili harufu ya balo itoke. Munajua ile harufu. Esdras anaiogopaka kupita examen. Alikuwa ananusa kwapa, ananusa kola, ananirudishia: «Yaya, ingali.» Narudi ku bassin. Vidole vyangu vilikuwa vinapasuka na sabuni, nikamutukana, nikafula tena.

Ikabaki kaki. Nilitafuta mpaka macho ikavimba. Samedi asubui, siku ya safari yake, nikaipata: kitambaa ya nguvu, mushono mbili mbili, kiuno yake kabisa, hata doa moja hakuna. Na rangi, kaki ya kweli. Nikakimbia mpaka ku parking ya taxi za Beni. Esdras alishapanda, nikaipitisha ku dirisha ndani ya sachet.

— Sasa umevalishwa, nikamuambia. Enda ukabakie kule.

— Merci, yaya. Mungu akubariki.

Taxi ikaenda. Nikakaa ku jiwe, roho ilikuwa na furaha. Nilijiambia kazi yangu imekwisha.

Dimanche nyuma ya culte, telefone ikalia. Esdras alikuwa Beni, ku Bungulu, kwa mama mudogo Tamar, mudogo wa mama yetu. Sauti yake ilikuwa chini sana.

— Yaya, ni kaki gani hii uliniletea?

— Kaki ni kaki.

— Yaya, ni ya kijani! Kijani ya basoda!

Kumbe. Mu soko yetu, ukisema kaki, kila mama anakupatia ile rangi ya majani makavu, ya basoda, baaskari ya vita. Ile rangi ya muchanga, sisi tunaiitaka beige. Na bale bijana ya telefone balikuwa banavala beige, mais page iliandika kaki. Esdras akasoma kaki, mimi nikatafuta kaki. Miaka kumi na mbili niko nauza nguo, na neno moja inanicheka.

Na haikuwa ubaya ya rangi tu. Asubui ile Esdras aliivaa ili aende ku culte. Mama mudogo alikuwa mu jikoni. Kugeuka, anaona miguu ya kijani ku mulango. Akaangusha sufuria ya bundu, ule ugali yetu, akakimbilia ku mulango ya nyuma. Batu bale balimuuwa bwana yake mu shamba, miaka mbili sasa, balikuwa bamevaa vile. Esdras alimuita mara ine, anataya jina yake mwenyewe, njo akarudi. Akamuambia: «Mwana yangu, hii kitu hapana kulala mu nyumba yangu.» Akaitia ye mwenyewe mu moto.

Nilikuwa nimejitayarisha kugomba, mais kusikia vile, nikakosa wa kugombeza. Mama mudogo alishatetemeka vya kutosha mu maisha yake, na leo ni mimi nilimutetemesha. Iliniuma sana.

— Kesho utavaa nini? nikauliza.

— Jeans banakataza siku ya kwanza. Mama mudogo amenipatia pantalon nyeusi ya marehemu. Naweza kuingiamo mara mbili.

— Nguo ya kuazima haisitiri matako, Esdras. Uniongoje.

Nikaenda kwa Vagheni. Alikuwa na beige moja, anaificha juu ya client mukubwa. Aliponiona vile nilikuwa napumua, akajua kama niko na haraka, akaangalia sweta yenye nilikuwa nimevaa, ile yangu ya baridi.

— Tubadilishane, akasema.

— Vagheni, Mungu anakuona.

— Aniangalie. Nani atakuwa na baridi, ni Mungu?

Nikavua.

Lundi nikapanda taxi mbele ya jua kutoka. Ku Maboya baridi ikaniingia mu mifupa. Ku Kabasha lori mbili zilikuwa zimezama mu matope, tukashuka, tukapita na miguu mpaka ngambo, biatu mu mikono. Ku barrière banatuomba karte. Soda moja akaangalia sachet yangu.

— Mama, unapeleka nini?

— Pantalon.

— Safari yote hii juu ya pantalon?

— Papa, uniachie tu nipite. Nikianza kukuelezea, nitalia.

Akaniachia.

Nilifika ku ile bureau saa tatu, na bo banaingiaka saa mbili. Nyumba mupya, ngazi ya simenti, veranda yenye kungaa. Miguu yangu ilikuwa na matope mpaka ku magoti, kitambaa ya kichwa imeinama upande. Sentinelle, mulinzi wa mulango, akanyoosha fimbo.

— Mama, bauzaji hapana kuingia.

— Mimi siingii. Uniitie Esdras, stagiaire.

Akatoka. Nasema kweli, alikuwa muzuri. Veste ilikamata mabega vile inaomba. Kola ya Gracien imesimama. Ile pantalon ya marehemu alikuwa ameikunja ku kiuno na mukaba, veste inafunika, mais chini inafagia simenti. Miezi yangu ine ilikuwa imesimama pale mbele yangu, na uchovu ikanitoka kidogo. Nyuma yake, stagiaire moja, Victoire, alikuwa anachungulia ku mulango na benzake.

Kisha chef akatoka, Monsieur Delphin, mutu wa tumbo na kravate, kikombe ya chai mu mukono.

— Kuna nini, stagiaire? Huyu mama ni wa kwenu?

Mimi nilishanyoosha mukono nimusalimie. Esdras akaangalia chef. Akaangalia miguu yangu.

— Hapana, chef. Ni... ni mama mwenye kuniuzishaka nguo. Ameniletea commande.

Niligeuka nyuma kumuangalia huyo mama. Kweli, niligeuka. Nyuma kulikuwa sentinelle tu.

Hasira ikapanda mpaka ku shingo. Kinywa yangu ilikuwa tayari. Ilibakia neno moja tu, niseme «mudogo wangu», na Esdras angekuwa mutu wa kudanganya mbele ya chef wake, siku ya kwanza, mbele ya bale batano. Na mukataba ingeenda kwa mutu mungine, na mimi ku balo mpaka nife. Nikameza. Haikushuka vizuri.

— Ndiyo, chef, nikasema. Ni mimi mwenye kuuza.

Chef akatosha ile beige mu sachet, akaisugua na vidole, akaangalia Esdras kutoka mabega mpaka ku mokasini.

— Mama, uko na macho. Huyu njo stagiaire moja tu mwenye anajua kuvala. Inaonekana kwabo hawakosake feza.

— Hawakosake, chef.

— Ni baba yake njo analipaka?

Esdras alikuwa anaangalia simenti.

— Hapana, chef. Ni yaya yake. Mwanamuke moja wa Butembo. Analipaka mara moja, na hajawahi kuniomba nipunguze.

— Kumbe! Batu kama bale hawako mingi. Umusalimie sana.

— Nitamusalimia, chef.

Chef akarudisha beige mu sachet, Esdras akaipokea na mikono mbili.

— Merci, mama, akasema.

— Pasi isikuwe ya moto sana, client yangu, nikamuambia. Kile kitambaa kinaunguaka haraka.

Halafu nikashuka ngazi, nikaenda kutafuta taxi ya Butembo.