Ngazi Tisa na Banda la Gari

Kila baada ya miaka miwili serikali humwita binti yangu ili ithibitishe kama bado ni mlemavu. Miguu yake haijasimama tangu azaliwe, lakini huenda wakubwa wana habari ambazo sisi hatuna.

Mimi ni mwashi. Shule niliiachia darasa la nne, kwa hiyo sheria za watu wenye ulemavu nimesomewa na binti mwenyewe. Nzuri mno. Ukizisikia utadhani nchi nzima imetandikwa zulia. Halafu unafika kwenye ofisi ya muhuri, unakuta ngazi tisa.

Safari zote zilizopita alibebwa na mama yake. Mke wangu alikuwa mwembamba, lakini alimtia mgongoni akapanda bila kupumzika, huku akiwatania walinzi, "Pisheni mzigo wa serikali." Mwaka huu hayupo. Tulimzika wakati wa mvua.

Siku tuliyokwenda ilikuwa ya mwisho ya kugongewa muhuri. Bila muhuri, chuo cha ufundi wa simu kingempa mtu mwingine nafasi yake. Nikamtia mgongoni. Kwenye ngazi ya tano goti langu likagoma.

"Nishushe, baba. Tukianguka wataandika walemavu wawili."

Nikamrudisha kwenye kiti chake cha magurudumu, nikapanda peke yangu. Karani alikuwa anakunywa chai.

"Binti yuko hapo chini, mama. Chungulia dirishani utamwona."

"Mzee wangu, utaratibu unataka afike mbele ya meza."

"Basi shuka na muhuri."

"Muhuri hautoki ofisini."

"Kumbe na muhuri wenyewe ni mlemavu."

Hakucheka. "Mlete kabla ya saa tisa."

Niliposhuka, binti alikuwa anazikagua zile ngazi. Miaka yote nimemfundisha kutazama kazi ya fundi.

"Aliyejenga hapa ana mkono," akasema. "Zote sawa, hata kidole hakijazidi. Ila akili aliiacha nyumbani."

Nikakaa kwenye ngazi ya chini. "Ni mimi."

Nikamweleza. Mchoro ulikuwa na mteremko wa viti vya magurudumu, upande wa kulia. Akaja msimamizi wa serikali, akasema pale litakaa banda la gari la mkurugenzi, kwani watu wa viti wanakuja mara ngapi? Nikasema ndiyo, mkuu.

"Mimi nilikuwa nimeshazaliwa?"

"Ulikuwa na miaka mitatu. Nilidhani utakuja kutembea."

Lawama ni yao, wenye kalamu. Sitawaondolea hata chembe. Lakini mwiko ulikuwa mkononi mwangu.

Aligeuza kiti, akajisukuma mpaka chini ya lile banda, katikati kabisa, akafunga breki.

Saa nane gari la mkurugenzi likarudi. Dereva akapiga honi. "Dada, hapa pa bosi."

"Mchoro unasema pangu."

Honi ikalia tena. Vichwa vikatokeza madirishani, hata cha karani na kikombe chake. Mwishowe mkurugenzi akashuka, jua likimwakia kwenye upara.

"Nani kakwambia hapa pako?"

Binti hakunitaja. Alinitazama tu. Nikavua kofia.

"Mimi, mkuu. Ngazi hizi nilizijenga mimi. Hapa palichorwa mteremko, nikaamriwa niuache."

Aliangalia gari lake lililokuwa linaungua juani, akaangalia vichwa vya madirishani. Kuhusu mteremko hakusema neno. Akamwita karani, "Leta huo muhuri, huyu aondoke."

Muhuri ukashuka ngazi tisa ndani ya bahasha. Karani akagongea karatasi juu ya boneti ya gari.

"Miaka miwili," akasema. "Mkija tena msikae hapa."

Njiani nilisukuma kiti nikingoja binti afurahi. Chuo amekipata.

"Baba," akasema, "mama alijua?"

Mke wangu alimpandisha mara sita. Mara zote sita mimi nilibaki chini, nimeshika kiti kitupu, nikimsikia anavyohema.

"Hakujua."

Akashika magurudumu, akajisukuma mwenyewe. Nikamfuata nyuma, mikono haina kazi.