Paa la Mama Mkwe

Usinione mkali. Ni Malaba imenifanya hivi. Ukiendesha loji hapa mpakani halafu uwe mpole, hata dereva anayelala siku moja atakukalia kichwani.

Lakini mwaka huu madereva wenyewe walianza kunipita. Mtu akiegesha trela akingoja karatasi za forodha, hana kazi nyingine. Anataka kulala chali aongee na mke wake kwa video. Jirani yangu Mulama akaweka waifai, wageni wangu wote wakahamia kwake, wengine na taulo zangu. Nikabaki na Akwii, msichana wangu wa usafi, tunatazamana. Niliona wazi kwamba mambo yakiendelea hivyo nitafunga kabla ya Krismasi, na hiyo loji ndiyo marehemu mume wangu Ochom aliniachia. Niliogopa, sifichi.

Nikapigia kampuni moja ya Busia. Wakasema waya wao haujafika upande wetu, lakini fundi atafunga dishi dogo juu ya paa, lielekee mnara wao. Intaneti ipite hewani hadi kwa dishi, kisha iteremke kwa waya hadi vyumbani. Nikawaambia waje hata leo.

Fundi akaja na pikipiki, ngazi imefungwa kando. Akavua helmeti. Wee! Dancan, mume wa binti yangu Sylvia! Ofisi ilimpa jina la loji tu, naye hajawahi kufika hapo, maana mkwe hazururi kwa mama mkwe. Kuniona tu, akajificha nyuma ya tangi la maji. Mimi nami nikakimbilia jikoni nikafunga mlango.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawakutani ovyo uso kwa uso, na paa lake ndiyo hapandi kabisa. Afadhali akuibie ng'ombe. Na mimi nilikuwa nalala humo humo, chumba cha mwisho, tangu tumzike Ochom. Hilo paa lilikuwa la mama mkwe kabisa, hakuna ubishi.

Ikabidi tuongee kupitia Akwii.

"Mwambie asimamishe nguzo hapo uani," nikasema.

Akwii akaenda, akarudi. "Anasema dishi lazima liuone mnara, na ukiwa chini ghala la jirani linaziba. Ni juu ya paa tu."

"Basi walete fundi mwingine!"

Akaenda tena. "Anasema upande huu wa Malaba ni yeye peke yake. Na anakusalimia sana."

"Salamu nimepokea. Azipandishe juu ya paa!"

Ai, hasira tu hizo. Nikamsikia huko nje akifunga ngazi kwenye pikipiki aende zake. Nikachungulia dirishani, nikaona trela mbili zikiingia kwa Mulama. Roho iliniuma, nikataka kulia.

Lisilo budi hutendwa. "Akwii! Njoo tushike kitanda changu."

"Tukipeleke wapi, mama?"

"Nyumbani Amagoro. Kama mama mkwe halali hapa, paa litakuwa lake namna gani?"

Nyumba ya Amagoro tuliijenga mimi na Ochom. Tangu afariki nilikuwa naenda mchana kufagia, narudi kabla ya giza. Kimya chake kilinishinda. Lakini siku hiyo kitanda, godoro na nguo zangu zote zilipakiwa kwenye pikapu, barabara nzima ikitazama. Wakaniuliza kama nahama. Nikawajibu mkwe amenifukuza.

Dancan alingoja hadi kitu cha mwisho kikatoka, ndipo akaegemeza ngazi. Mimi nilisimama ng'ambo ya barabara, nimeipa loji mgongo. Yeye juu anageuza dishi kidogo kidogo, Akwii chini anasoma nguvu ya mtandao kwenye simu yake, anampigia kelele, "Imeshuka! Imepanda! Hapo hapo, usiguse!" Halafu vigelegele.

Kufika jioni vyumba vyote vilikuwa na watu, hata kile changu, Akwii ameshatandika humo godoro la akiba. Mulama alikuja kuuliza fundi wangu ni nani. Nikamwambia atafute mkwe wake.

Nikaenda Amagoro. Nikafungua madirisha, nikatandika kitanda, nikawasha jiko. Chai haijachemka, Sylvia akapiga simu ya video.

"Mama, Dancan anasema umerudi nyumbani. Ni kweli?"

"Nimerudi. Kwani vipi?"

Akaanza kulia na kucheka pamoja. "Basi Jumamosi tunakuja. Mama, ningemletaje mtoto kwa nyanya yake loji, katikati ya madereva? Nilikuwa nangoja urudi. Niliogopa kukuambia."

Na mimi nilidhani ana shughuli nyingi! Kwa mkwe mimi siendi, huo nao ni mwiko, kwa hivyo huyo mtoto nilikuwa nikimwona kwa simu tu tangu azaliwe. Sylvia akageuza simu nimtazame. Amelala, paji la uso ni la Ochom mtupu.

Nililia hadi chai ikamwagikia jiko. Kisha nikajifunga leso, nikaenda kwa jirani kununua kuku.